Ukipata Nafasi, Haydn

Jumatano tarehe saba Februari 2018, saa sita na dakika ishirini mchana, nilifungua pazia la kitanda namba kumi na nne nikiwa na sahani ya viazi vya kupondwa mkononi, nikamkuta Trefor Pugh anazungumza na watu wasiokuwepo. Alikuwa anawahimiza watoke mgodini. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu lililomwagiwa maji, na mkono wake, nilipoushika, ulikuwa wa baridi na unateleza kwa jasho. Nikaiweka sahani juu ya blanketi lake, nikabonyeza kengele nyekundu ya ukutani. Nikiwa nasubiri watu waje mbio ndipo nikakumbuka. Saa nne na nusu nesi wake alikuwa ameniomba nimpime presha tena. Sikuwa nimempima.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi, wodi ya wazee, hospitali ya bonde letu huku kusini mwa Wales. Msaidizi ndiye anayeosha watu, anayewalisha, anayewageuza ili wasiote vidonda, anayepima joto na presha na kuandika. Nesi ana leseni, mimi nina aproni. Kazi hii niliianza nina miaka hamsini na mbili, baada ya kiwanda cha mabomba kufungwa, na baada ya mke wangu Menna kufa katika hospitali hiihii. Alilala masaa tisa kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, kwa sababu wakubwa walikuwa wamefunga wodi mbili na kuziita maboresho. Baadaye wakaniletea barua kwamba mafunzo yamepatikana. Nani alijifunza nini, hawakusema. Mtu pekee aliyekaa na Menna siku ile alikuwa mwanamke mmoja mnene mwenye aproni, akamchana nywele mpaka mwisho. Jina lake sikulishika. Nilipotafuta kazi, niliomba kama yake.

Kwa hiyo mtu asiniambie habari za wakubwa. Nawajua. Wanapita wodini mara mbili kwa mwaka wamening'iniza vitambulisho shingoni, wanauliza mnaendeleaje, na wanaondoka kabla hujafungua mdomo.

Lowri Bevan alikuja Oktoba, mwezi ule nesi wapya wanapotoka chuo. Miaka ishirini na miwili, nywele nyekundu amezibana kwa penseli, viatu vipya vinavyolia sakafuni kama bata. Wiki yake ya kwanza nilimkuta saa tano na nusu anamwosha Trefor Pugh mgongo, na dawa za saa nne za wagonjwa wanane bado ziko kwenye troli.

"Nesi," nikamwambia, "umekuja kutunyang'anya kazi?"

"Hapana, Bwana Prosser."

"Bwana Prosser alikuwa baba yangu. Mimi Haydn. Nani alikwambia umwoshe huyu?"

"Hakuna. Nimeona una kazi nyingi."

"Mwache aoshe," akasema Trefor kutoka ndani ya povu la sabuni. "Ana mkono laini. Wewe unanisugua kama sufuria."

Alikuwa amevunjika nyonga, mzee yule, miaka themanini na moja, akakaa nasi miezi akingoja kwa binti yake paandaliwe; alifanya kazi mgodini na baba yangu. Aliniita mtoto wa Prosser, na nadhani mpaka leo hajui jina langu la kwanza.

Siku ile ile, mchana, nilimkuta Lowri katika chumba cha mashuka. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa nguo chafu, analia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia ambako watu wengine wanalala. Hakuwa amekula wala kunywa maji tangu asubuhi. Sista Gaynor, mkuu wa wodi, alikuwa ametoka kumuuliza kwa nini dawa zimechelewa masaa mawili.

"Kwa nini hukunituma?" nikamuuliza.

"Naona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Babu yangu ana umri kama wako. Nikimwambia babu aende akatupe mkojo wa mtu, mama atanipiga kofi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kazini siku nyingi. Nikafunga mlango, nikamwambia asimame.

"Nitume."

"Haydn, samahani, kama huna kazi..."

"Nina kazi. Siku zote nina kazi. Anza tena."

"Haydn, naomba umpime Bwana Pugh presha."

"Lini?"

"Sasa?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sasa."

"Halafu?"

"Halafu uje uniambie imekuwa ngapi."

"Hata ukiwa umevaa kile kizibao?"

Wakati wa kugawa dawa nesi wetu huvaa kizibao chekundu kilichoandikwa wasisumbuliwe. Wakubwa walikileta ili nesi asikosee dozi. Kazi yake kinaifanya, ila kimewafundisha wasaidizi kupita mbali na nesi kama wanapita mbele ya mbwa.

"Hata nikiwa chooni," akasema Lowri, na pua yake bado nyekundu.

Basi. Tukawa tunafanya hivyo. Nani, nini, lini, na uje uniambie. Kufika Desemba alikuwa anauendesha ule upande wake wa wodi vizuri kuliko nesi wenye miaka kumi. Na mimi alinifundisha. Nilikuwa na mazoea ya kuandika vipimo kwenye karatasi ya kukaushia mikono, naitia mfukoni, naja kuvihamishia kwenye fomu nikishamaliza wote. Wasaidizi karibu wote hufanya hivyo. Lowri akanitoa ile karatasi mfukoni kwa vidole viwili. "Hizi namba zinamsaidia nani humu ndani?" akauliza. "Suruali yako inaumwa?" Tangu siku hiyo naandika palepale kitandani. Alinieleza pia maana ya namba zenyewe, kwamba presha ikishuka huku mapigo yanapanda, mwili unapigana vita ambayo mwenyewe hajakwambia. Kwa miaka sita nilikuwa nimepima presha za watu bila mtu yeyote kunieleza hivyo. Sikusoma sana, shule niliacha na miaka kumi na sita, lakini kitu nikielezwa kinaingia.

Nilikuwa napenda zamu zangu zikiangukia zake. Nitasema hivyo na yaishe. Menna na mimi hatukupata watoto.

Sasa ngoja niandike jambo ambalo silipendi.

Katikati ya Januari, asubuhi moja, Lowri alinikuta mezani pa wauguzi na Delyth, msaidizi mwenzangu, na madaktari wawili vijana. Akasema, vilevile kama nilivyomfundisha: "Haydn, kitanda cha tisa ageuzwe sasa, halafu njoo uniambie ngozi yake ikoje." Sauti safi. Na mimi, sijui shetani gani alinipanda, nikasimama wima, nikagonganisha visigino, nikampigia saluti. "Ndiyo, mkubwa."

Wote wakacheka. Delyth alicheka mpaka akashika meza. Lowri akawa mwekundu kuanzia shingoni, akacheka naye, akaondoka.

Nilikwenda, nikamgeuza yule mgonjwa, nikarudi kumwambia ngozi iko salama. Nikadhani yameisha. Lakini kuanzia siku ile hakusema tena sasa. Akawa anasema, "Ukipata nafasi, Haydn." "Usijisumbue, Haydn, lakini ukipita pale." Kwetu huku ndivyo watu wanavyoombana hata chumvi mezani, kwa hiyo sikuliona kosa. Nililiona kama adabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwita mkubwa mbele ya watu, nami ndiye niliyemweleza mara ishirini jinsi ninavyowachukia wakubwa.

Turudi Jumatano ile. Wodi ilijaa mafua, vitanda ishirini na vinne na watu ishirini na wanne. Tulipaswa kuwa wasaidizi watatu. Mmoja aliumwa. Saa nne na robo simu ikapigwa kutoka juu, Delyth akahamishwa wodi nyingine, nikabaki peke yangu. Saa nne na nusu nilikuwa na troli ya chai. Lowri akapita mbio, kizibao chekundu mwilini, kikombe kidogo cha vidonge mkononi.

"Haydn, presha ya Bwana Pugh ilikuwa chini kidogo saa nne. Ukipata nafasi, mpime tena?"

"Sawa, mwanangu."

Nikaendelea kumimina chai. Nafasi. Katika wodi ile mtu hajawahi kupata nafasi tangu ilipojengwa. Bibi wa kitanda cha tatu alitaka chombo cha haja, wa nne alikuwa anajivua nguo, wa kumi alikuwa ameimwaga chai yote. Saa tano nilifika kwa Trefor na kikombe chake.

"Habari yako?"

"Mzima. Weka sukari, usiwe bahili."

Alikuwa mweupe kidogo. Lakini nani asiye mweupe Februari? Nikamwinua, nikamshikia kikombe, akanywa nusu. Lowri alipita nje akaiona miguu yangu chini ya pazia. Alifikiri nampima. Mimi nilifikiri kama lilikuwa jambo la haraka, angeniambia. Mashine ya presha ilikuwa imesimama kitandani kwa jirani, hatua tatu kutoka nilipokuwa.

Mengine nimeshayasema. Wakaja watu sita wanakimbia, wakamtundikia dripu mbili, wakamshusha chumba cha wagonjwa mahututi. Ilikuwa nimonia, sumu imeingia kwenye damu. Daktari alisema wangemwahi saa nzima mapema, ingekuwa rahisi zaidi. Alilisema taratibu, bila hasira. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Jioni, zamu ilipoisha, nilimkuta Lowri katika chumba cha mashuka. Safari hii hakuwa analia. Alikuwa anakunja foronya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Ni mimi," akasema. "Sikusema ni haraka. Na sikurudi kuangalia."

"Ni mimi. Ulinituma, sikwenda."

"Sikukutuma. Nilikuomba."

"Sasa tutagombania?"

"Dhamana ni yangu, Haydn. Nesi akituma mtu, kazi inahama lakini dhamana haihami. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi waliokufundisha hawajawahi kushika troli ya chai."

Akatabasamu kidogo, akaendelea na foronya zake. Nilitaka kumwambia kuhusu saluti. Nikachukua foronya moja, nikaikunja naye.

Siku mbili baadaye barua zikaja, yangu na yake. Uchunguzi. Lowri alikuwa bado katika miezi sita ya majaribio. Ikiandikwa kwamba alishindwa kumsimamia msaidizi wake, ataondolewa, na jina lake litapelekwa kwenye baraza la leseni kabla wino wa leseni haujakauka. Mtoto wa fundi wa magari, wa kwanza kwao kuvaa sare ile. Mama yake alikuwa ameitundika picha ya mahafali juu ya televisheni, Lowri aliniambia akiona haya.

Bi Fairclough, mkubwa kutoka ghorofa ya juu, alinisimamisha koridoni. Hakujua jina langu, alilisoma kifuani.

"Haydn, usiwe na wasiwasi. Wewe hulaumiwi katika jambo hili. Msaidizi hufuata anavyoelekezwa. Utueleze tu alikwambia nini, neno kwa neno. Basi."

Neno kwa neno. Alikuwa ameshanifungulia mlango wa kutokea. Ukipata nafasi: ningesema maneno mawili hayo, nirudi kwenye troli yangu, na ningekuwa sikusema uongo. Delyth naye aliniambia, "Kubali tu, Haydn. Yule ni kijana, atapata kazi kwingine. Wewe nani atakuajiri?" Alisema kweli. Nililala nayo siku tisa. Nyumbani sina cha kufanya zaidi ya kuangalia kiti cha Menna, na kiti hakishauri mtu.

Siku ya tisa Trefor akarudishwa wodini, amepungua mpaka meno ya bandia hayamkai. Nilikwenda kumwosha, polepole.

"Wewe mtoto wa Prosser," akasema, "wananiambia karibu uniue."

"Karibu."

"Baba yako naye alijaribu. Mwaka wa sitini na nane, kwa gogo la kuegemezea dari. Alisema halikuwa zito."

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa jikoni, akamwambia mama yangu kwamba ni yeye. Mama akampa supu." Akapumzika. Pumzi zilikuwa bado fupi. "Yule binti mwekundu msimguse. Ananikata kucha za miguu. Wengine mnaziogopa."

Kikao kilikuwa Alhamisi asubuhi, chumba cha juu chenye zulia. Walikuwepo Bi Fairclough, Sista Gaynor, na karani wa kuandika kwenye kompyuta. Lowri alikaa karibu na mlango, mikono chini ya mapaja. Akaulizwa kwanza. Akasema yote, hata ambayo hawakuuliza. Hakusema popote kwamba mimi sikufanya. Alisema, "Maelekezo yangu hayakueleweka."

Wakanigeukia mimi.

"Yalieleweka," nikasema. "Nilimsikia vizuri. Mashine ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nilitanguliza chai."

"Lakini hakukwambia ni haraka," akasema Bi Fairclough.

"Hakuniambia kwa sababu yangu." Nikawaeleza habari ya saluti. Ni vigumu kueleza saluti katika chumba chenye zulia. Karani aliacha kuandika, akaniuliza saluti kwa maana gani, nikalazimika kusimama na kuwaonyesha. Hakuna aliyecheka. Lowri alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vimezeeka, havilii tena.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutuma," nikasema, "na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Mkimwondoa yeye, mtaniacha mimi wodini, nisubiri mwingine wa kumpigia saluti."

"Haydn," akasema Lowri kwa sauti ndogo, "kaa chini."

"Lini?"

"Sasa."

Nikakaa. Sista Gaynor akageukia dirisha, mabega yake yakatikisika kidogo.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili, niuandike hapa ili mtu asihangaike. Lowri alibaki. Waliongeza miezi mitatu ya majaribio, na hilo halikumzuia kuendelea kuwa nesi bora wodini. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili. Trefor alikwenda kwa binti yake Machi, akaniachia salamu za matusi.

Lakini kilichonibakia ni mwisho wa kile kikao. Bi Fairclough alikuwa amefungua karatasi nyingine. Akasema kwa upande wa hospitali kila kitu kilifanyika ipasavyo, kwa sababu Nesi Bevan alimaliza mafunzo ya kugawa majukumu, tarehe imeandikwa, alama tisini na mbili.

"Ni ya kwenye kompyuta," akasema Lowri. "Dakika arobaini. Nilifanya nyumbani, jikoni."

"Alama ni tisini na mbili," akasema tena Bi Fairclough, na karani akaandika.

Sikutaka kusema tena. Lakini nilimtazama yule mtoto, mikono bado chini ya mapaja, nikawatazama wale waliomtoa chuoni wakamkabidhi watu wanane wagonjwa na mzee mmoja mkaidi, halafu wakamtafutia alama. Nikamuuliza Bi Fairclough kwa adabu, na hata leo kila nikikutana naye kwenye lifti namuuliza, naye huangalia namba za ghorofa: "Mimi hapa nina miaka hamsini na tisa, nimeshika troli, watu ishirini na wanne wanangoja chai, mwenzangu mmeshamchukua, na simpendi mtu anayeniamuru. Hebu mwonyeshe Lowri wewe, tusikie wote. Utaniambiaje niiache troli, nikampime mtu presha?"